Chumvi moja, chupa moja ya amonia, nusu ya darasa wamepata jibu jingine. Tatizo ni kutikisa testi tyubu?

#1 Mwl wa Pembezoni
Wakuu, salaam. Nafundisha kemia kidato cha nne, shule ya kata, maabara moja, benchi sita. Juzi nimewapa wanafunzi 42 chumvi moja, salfeti ya zinki. Nimeiyeyusha mwenyewe kwenye ndoo ndogo, wote wamechota humo humo. Hatua ya kutambua metali iliyomo ni ile inayojulikana: dondosha amonia tone kwa tone, halafu izidishe. Zinki inatakiwa itoe mashapo meupe, ukizidisha amonia yanayeyuka na testi tyubu inabaki safi.

23 wameandika yameyeyuka. 19 wameandika hayayeyuki. Kati ya hao 19, 17 wakasema ni alumini, wawili wakasema risasi.

Nilipozunguka niliona kila mtu anachanganya kwa staili yake. Kuna anayeziba kwa dole gumba na kuipandisha na kuishusha kama chupa ya soda anayotaka kumrushia mwenzake. Kuna wenye kijiti cha kioo (tunavyo viwili tu). Kuna waliokuwa wanaitazama tu kama wanasubiri ichemke yenyewe. Maswali mawili: njia sahihi ni ipi, na je, kuchanganya peke yake kunaweza kupasua darasa katikati namna hii?

#2 Chupa Tupu
Mwalimu, hao wamekopiana. Chora ramani ya viti uniambie. Kemia haina habari hapo.

#3 Mama Reagenti
Nimekaa maabara za shule miaka 18, nikujibu la kwanza.

Shika testi tyubu kwenye shingo kwa dole gumba na vidole viwili vya mwanzo, usiibane, iwe kama inaning'inia. Kidole cha shahada cha mkono wa pili kigonge kitako, pembeni, mapigo mepesi ya harakaharaka. Mdomo unatulia, kitako kinacheza. Ukifanya vizuri utaona kioevu kinajizungusha ndani kama kisulisuli na hakuna tone linalopanda juu. Sekunde tano zinatosha kwa kila mara.

Sharti moja: kioevu kisizidi theluthi. Testi tyubu ya sentimita 15 ikiwa na sentimita 10 za kioevu hata ugonge mpaka kesho, chini hapasikii. Ikiwa ni ya kupasha moto, isizidi robo.

Ukilazimika kujaza zaidi ya hapo, weka kizibo cha mpira na upindue taratibu, juu chini, juu chini. Kidole si kizibo.

#4 Pweza Mkavu
Hilo la kidole nnalo kovu la moyoni. Skuli, tukipima kloridi kwa naitreti ya fedha. Nikaziba kwa dole, nikatikisa kwa mbwembwe, nikajipangusa kwenye shati. Kufika jioni dole jeusi tititi, kama nimepiga chapa ya uchaguzi. Mwanga ndio unaoileta ile rangi. Sabuni haikufanya kitu, ndimu haikufanya kitu, ikatoka ngozi ilipobambuka yenyewe. Shati mama alilifanya tambara la jikoni.

#5 Chupa Tupu
@Pweza Mkavu uchaguzi gani huo uliopiga kura ukiwa skuli 😂

#6 Mwl wa Pembezoni
@Chupa Tupu nimechora ramani. Benchi la 1 mpaka la 3 karibu wote wamepata. La 4 mchanganyiko. La 5 na la 6 ndiko waliko wengi wa "hayayeyuki". Kwa hiyo umepata nusu, ila siwezi kusema wamekopiana. Chupa ya amonia ilianzia benchi la 1 ikaishia la 6.

@Mama Reagenti asante sana. Theluthi hawakuifuata, hilo nakiri.

#7 Kapilari
Mwalimu, jibu umelitoa mwenyewe bila kujua. Amonia ni gesi iliyoyeyushwa kwenye maji. Chupa ikikaa wazi inakimbia, ndiyo maana unaisikia puani tangu mlangoni. Ilipofika benchi la 6 ilikuwa imebaki maji yenye harufu. Mashapo yatatokea kwa sababu yanataka kidogo tu, lakini kuyayeyusha kunataka amonia ya kutosha. Kutikisa hakuhusiki.

#8 Mama Reagenti
@Kapilari kwa kipindi kimoja? Chupa ya amonia nyepesi, iliyoongezwa maji, haifi kwa dakika 40, hata ukiacha kizibo mezani. Ingekuwa ile kali ya dukani, yenye uzito wa 0.88 ukilinganisha na maji, hapo ningekubali inakimbia, na sisi wote tungekimbia nayo. Inayoharibika ni ile iliyochanganywa muhula uliopita na kufungwa kwa kipande cha nailoni. Mwalimu, yako uliichanganya lini?

Na swali la pili: kila mtoto aliweka chumvi kiasi gani? Mwenye sentimita moja atahitaji amonia kidogo, mwenye nusu ya testi tyubu atadondosha mpaka dropa ichoke na bado hajafika kwenye ziada. Wengi wakidondosha matone kumi wanaandika "imezidi" kwa sababu mkono umechoka.

#9 Mwl wa Pembezoni
Nimeichanganya wiki mbili nyuma. Kizibo ni cha kwake, lakini kimelegea.

Kiasi cha chumvi: niliwaambia "weka kidogo". Najua, najua.

#10 Fizikia ya Mtaani
Wanakemia mnaogopa kuangalia uzito. Amonia iliyoyeyushwa ni nyepesi kuliko maji, na maji ya chumvi ni mazito kuliko maji. Ukimimina amonia juu ya chumvi bila kuchanganya, inaelea. Inayeyusha mashapo ya juu, ya chini hayajui kama kuna mgeni. Mwanafunzi anaangalia kitako, anaona maziwa, anaandika "hayayeyuki". Kaandika alichokiona.

Halafu msitegemee zitakutana zenyewe. Chembe ndogo ndani ya maji yaliyotulia inahitaji kama dakika 8 kusafiri milimita 1. Mnadhani sentimita 1 ni dakika 80? Hapana, ukizidisha umbali mara 10, muda unazidi mara 100. Ni kama saa 14. Kipindi cha praktiko hakina saa 14, na testi tyubu ni nyembamba, haina nafasi ya kujikoroga kama bika, kile chombo kipana.

#11 Chupa Tupu
Kwa hiyo chai yangu ya sukari isiyokorogwa nikiinywa kesho asubuhi itakuwa tamu hadi juu?

#12 Fizikia ya Mtaani
@Chupa Tupu chai ya moto inajizungusha kwa joto lake, itawahi. Weka sukari kwenye maji baridi, usiguse kikombe, onja juu kwa mrija. Utaniombea msamaha.

#13 Kapilari
@Fizikia ya Mtaani hesabu zako ni za maji yaliyotulia. Tone linaloanguka kutoka kwenye dropa halitui kama unyoya, linatoboa na kuvuruga. Ukidondosha kutoka juu, tayari umechanganya nusu. Mimi bado niko kwenye chupa.

#14 Mwl wa Pembezoni
@Fizikia ya Mtaani aisee. Kuna binti wa benchi la 5 alinyoosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, juu imeyeyuka chini haijayeyuka, niandike ipi?" Nikamwambia andika unachokiona. Nilidhani ananitania. Testi tyubu yake ilikuwa hivyo hasa, vidole viwili vya maji safi juu, chini maziwa, na mpaka umekatwa kama kwa wembe.

#15 Mama Reagenti
Huyo binti ndiye pekee aliyefanya praktiko siku hiyo.

#16 TeziNaOmo
Salamu kutoka Mombasa. Mimi nina kesi ya kinyume, mahali ambapo kutikisa ndiko kulikotuangusha. Kipimo cha naitreti, kile cha pete ya kahawia. Unatia salfeti ya chuma iliyotengenezwa siku hiyohiyo, kisha unainamisha testi tyubu na kuteremsha asidi kali ya salfuriki ubavuni, polepole, iende ikalale chini. Ina uzito wa 1.84, ni karibu maradufu ya maji, italala tu. Pete inatokea pale zinapokutana.

Rafiki yangu alikuwa amezoea kwamba kila ukitia kitu unatikisa. Akatikisa. Testi tyubu ikawa moto hataki kuishika, pete hakuna, na mwalimu akamvuta kwa kola hadi dirishani. Hakuumia, lakini mtihani ulipofika aliogopa kutikisa chochote, hata chumvi na maji. Kwa hiyo walimu, ukisema "tikisa" sema pia wapi usitikise.

#17 Kibuyu cha Loliondo
Nachangia upande wa lugha. Mwalimu, uliwaambia neno gani hasa? Kwetu kwa wafugaji maziwa yanasukwa ndani ya kibuyu, mbele nyuma kwa nguvu mpaka siagi itoke. Uji unakorogwa. Mti unatikiswa ili embe lidondoke. Ukimwambia mtoto "tikisa", ataitikisa kama mwembe. Ukimwambia "changanya", atamimina tu aache, maana kumimina vitu viwili pamoja tayari ni kuchanganya. Karatasi ya mtihani ni ya Kiingereza, maelezo ya mdomo ni Kiswahili, mikono ni ya nyumbani.

#18 Mwl wa Pembezoni
@Kibuyu cha Loliondo nilisema "changanya". Nimekaa chini.

#19 Damu ya Zambarau
Nimeupenda uzi. Mimi ni wa maabara ya hospitali, kwetu kuchanganya vibaya hakumpotezei mtu alama, kunamrudisha kwenye sindano.

Testi tyubu ya kifuniko cha zambarau ina EDTA imepakwa ukutani, inakamata kalisi ili damu isigande. Damu ikiingia ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10. Kupindua mara moja ni kuilaza kichwa chini na kuirudisha. Ya bluu mara 3 au 4. Ya seramu mara 5. Usipopindua, kunatokea vidonge vidogo vya damu iliyoganda, havionekani kwa macho, mashine inavivuta na kusema chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshuka. Mgonjwa anaanza kuogopa ugonjwa ambao hana.

Ukiitikisa kama kibuyu cha jamaa wa #17, chembe nyekundu zinapasuka. Ndani ya chembe kuna potasiamu zaidi ya mara 20 ya ile ya nje. Majibu yanatoka potasiamu iko juu, daktari anaruka kitandani.

Na hili linatukera: tunaletewa sampuli haijapinduliwa hata mara moja, imelazwa kwenye mfuko wa koti.

#20 Nesi wa Zamu
Nilijua tu. Kila kosa la maabara linaanzia kwa nesi.

@Damu ya Zambarau, unamjua mtoto wa miezi saba mwenye mshipa kama uzi? Damu inatoka tone, tone, tone, ndani ya sirinji, dakika tatu. Imeshaanza kuganda kabla haijaiona hiyo EDTA yako. Nipindue mara 8, nipindue mara 80, kidonge kipo. Hilo si suala la kuchanganya, ni suala la mshipa.

#21 Damu ya Zambarau
Dada, nakubali kwa watoto. Lakini watu wazima wenye mishipa kama mabomba ya bustani? Na kuna wanaoisukuma damu kwenye testi tyubu kupitia sindano ileile nyembamba, kwa nguvu. Hapo chembe zinapasuka kabla hata hujapindua. Toa sindano kwanza.

#22 Nesi wa Zamu
Natoa. Siku zote natoa. Wewe shuka wodini saa tisa usiku uone nani anatoa na nani hatoi.

#23 Mke wa Fundi
Mwanangu alichomwa mara tatu kwa siku moja kwa sababu "sampuli imeganda". Hospitali siitaji. Mara ya tatu aliyemtoa alikuwa kijana wa mazoezi, akawa anaigeuzageuza ile chupa ya zambarau polepole huku anamwimbia mtoto. Majibu yakatoka. Sijui ni kugeuza, ni mshipa, au ni wimbo.

#24 Chupa Tupu
Wimbo.

#25 Mama Reagenti
Turudi kwa mwalimu kabla uzi haujalazwa wodini.

Kijiti cha kioo: sikatai, ila vijiti viwili kwa watoto 42 ni balaa lake lenyewe. Kinatoka kwenye testi tyubu ya huyu kinaingia ya yule, hakijaoshwa. Kama siku hiyo kulikuwa na chumvi nyingine yoyote mezani, umeihamisha. Halafu kitako cha testi tyubu ni chembamba. Mtoto akikoroga kama ugali anakitoboa, na kioevu chote kinaishia kwenye daftari.

Njia nyingine wasiyoifikiria ni dropa. Ingiza, vuta kioevu, rudisha taratibu, mara nne tano. Kwa kiasi kidogo inachanganya vizuri kuliko kugonga. Lakini dropa hiyo isirudi kwenye chupa ya amonia!

#26 Kapilari
Umenikumbusha. Dropa ilikuwa moja kwa darasa zima? Kama mtoto wa benchi la 2 alizamisha dropa kwenye chumvi kisha akairudisha kwenye chupa, basi kuanzia hapo amonia yenu ilikuwa na zinki ndani yake. Sasa nina sababu mbili, zote za chupa.

#27 Mwl wa Pembezoni
Dropa zilikuwa nne. Sikumbuki zilizunguka vipi. Mkinibana zaidi nitafuta uzi.

#28 Risasi Baridi
Nimechelewa. Hivi wale wawili waliosema risasi, hakuna aliyewashangaa? Risasi na salfeti haviishi pamoja kwenye maji, ingekuwa imetua chini ya ndoo kama chokaa kabla hawajachota.

#29 Mwl wa Pembezoni
@Risasi Baridi wasingejua, hatukuwa tumefika kupima salfeti. Kwa amonia peke yake, alumini na risasi zote zinatoa mashapo meupe na hayayeyuki. Kuzitenga ni hatua ya mbele. Wawili hao walikisia.

#30 Risasi Baridi
Sawa, nimerudisha maneno.

#31 Baba Mapacha
Swali la nje kidogo. Dawa ya unga ya mtoto, ya kuongeza maji mpaka kwenye mstari. Mimi najaza mpaka mstari halafu natikisa, inashuka chini ya mstari, naongeza, natikisa, povu linapanda sijui mstari uko wapi. Mwenye duka la dawa anasema nakosea. Kosa liko wapi?

#32 Nesi wa Zamu
@Baba Mapacha kwanza igonge chupa ili unga ulioshikamana chini uachie. Tia maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu ya kiasi. Funga, tikisa kwa nguvu, hapa ruksa kama kibuyu. Iache povu litulie. Ndipo uongeze mpaka mstari, utikise tena. Na kila unapompa mtoto tikisa upya, maana dawa inatua chini. Usipotikisa, siku za mwanzo anakunywa maji matamu, za mwisho anakunywa tope.

#33 Baba Mapacha
Mapacha wangu wawili, mmoja alikuwa anaanza chupa na mwingine anaimalizia. Ndiyo maana mmoja alipona mapema? 😳

#34 Nesi wa Zamu
Kila mtoto chupa yake, baba.

#35 Damu ya Zambarau
Niongeze moja halafu nirudi kazini. Kwenye kupima kama damu ya mchangiaji inakubaliana na ya mgonjwa, ukishaizungusha kwenye sentrifuji chembe zinatulia chini kama kishikizo chekundu. Unainamisha testi tyubu na kuigusagusa mpaka kishikizo kianze kuachia, huku macho yako palepale. Kikiachia kwa vipande, havikubaliani. Kikiachia kama moshi, sawa. Sasa mwenye mkono mzito anaitikisa mara moja, vipande dhaifu vinavunjika, anaona moshi. Unaelewa kitakachofuata. Mwalimu wetu alikuwa anatufunga glovu mbilimbili ili mkono upunguze ujeuri.

#36 Fizikia ya Mtaani
Glovu mbili zinaongezaje upole? Zinakupunguzia hisia, utatikisa zaidi.

#37 Damu ya Zambarau
Hilo muulize yeye. Kwangu ilifanya kazi.

#38 Mwl wa Pembezoni
Mrejesho. Leo nimerudia na benchi la 5 na la 6 tu. Chumvi sentimita moja kila mtu, nimeipima kwa rula. Kugonga kitako kila baada ya matone matano, kama alivyosema Mama Reagenti. Amonia nimechanganya mpya.

Watoto 14, 12 wameyeyusha. Wawili bado.

#39 Fizikia ya Mtaani
Asante. Nimemaliza.

#40 Kapilari
Umemaliza nini? Amebadilisha vitu vitatu kwa pamoja: kiasi, kugonga, na AMONIA MPYA. Mwalimu, hili si jaribio, ni maombi. Ungeacha ile ya zamani ukabadilisha kugonga peke yake.

#41 Mwl wa Pembezoni
@Kapilari ya zamani ilibaki vidole viwili kwenye chupa. Nimeinusa, pua haikushtuka sana. Lakini benchi la 1 waliitumia hiyohiyo na wakapata, sasa?

#42 Mama Reagenti
Hao wawili waliobaki, uliwaona wanagonga? Au walikuwa wanagonga shingo?

#43 Mwl wa Pembezoni
Mmoja alikuwa anagonga raki. Testi tyubu iko ndani ya raki, anagonga mbao.

#44 Chupa Tupu
Na wa pili?

#45 Mwl wa Pembezoni
Wa pili ni yule binti wa benchi la 5. Safari hii aligonga vizuri, nimesimama pembeni yake namwangalia. Mashapo yamebaki. Ameniuliza aandike nini.